Shajara ya kutafuta makazi mashariki ya London: watoto wawili, mshahara mmoja

Jumapili, 9 Februari 2025

Lengo la mradi huu ni moja: kufikia mwisho wa Agosti, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tuwe tunalala nyumba moja. Kwa sasa mimi niko London, wao wako Tanga. Mtihani wa vitendo wa uuguzi nimeshaufaulu, namba ya usajili ninayo, na kazi yangu iko hospitalini Whitechapel, mashariki ya jiji. Ninaishi bweni la wafanyakazi, chumba cha mtu mmoja, watoto hawaruhusiwi. Binti yetu atatimiza miaka 6 mwezi Mei. Mdogo wake wa kiume alitimiza miaka 2 Oktoba iliyopita.

Nitaandika hapa kila hatua, kwanza kwa ajili ya mume wangu, maana tunaamua wote wawili ingawa yeye yuko mbali, na pili kwa wauguzi wenzangu wa Tanzania na Kenya wanaojiuliza swali hili hili. Ushauri mwingi ninaoupata ni wa mtu asiye na mtoto. Huyo anaweza kuishi popote. Mwenye mtoto wa miaka miwili hawezi.

Mambo ya visa kwa kifupi: visa ya wahudumu wa afya inaniruhusu kuileta familia, na hatulipi ile tozo ya afya wanayolipa wahamiaji wengine, pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka na 776 kwa mtoto. Mume wangu ataruhusiwa kufanya kazi. Ila hatuna haki ya mafao ya umma: hakuna posho ya mtoto, hakuna msaada wa kodi ya nyumba. Tutaishi kwa mshahara wangu, na baadaye wa kwake ukipatikana.

Zamu zangu ni ndefu. Ya mchana inaanza saa 1:30 asubuhi na kwisha saa 2 usiku. Ya usiku inaanza saa 1:30 na kwisha saa 2 asubuhi. Chekechea nyingi hufunga saa 12 jioni. Maana yake, siku ya zamu ya mchana sitakuwepo asubuhi mtoto anapopelekwa wala jioni anapochukuliwa. Hapo ndipo ninapoanzia hesabu, kabla hata ya kodi ya nyumba.

Jumapili, 23 Februari

Leo ni fedha.

Muuguzi wa daraja la 5 anayeanza analipwa pauni 29,970 kwa mwaka, na akiwa London ya ndani anaongezewa 20%. Jumla inakaribia 36,000. Madalali wa nyumba wana kipimo chao: mapato ya mwaka yawe angalau mara 30 ya kodi ya mwezi. Gawanya 36,000 kwa 30 upate 1,200. Kwa hiyo kwa mshahara wangu peke yake dalali hatanipa nyumba inayozidi pauni 1,200, hata kama niko tayari kula ugali na maharage mwaka mzima ili nilipe 1,500. Asiyefikia kipimo huambiwa alete mdhamini anayeishi Uingereza, mwenye mapato makubwa zaidi ya hayo, au alipe kodi ya miezi sita mbele.

Kwa bei hiyo, karibu na hospitali unapata chumba, si nyumba. Hata vyumba viwili vya kulala kule pembezoni, kwenye matangazo niliyoyasoma, vinaanzia 1,300 nje kabisa ya mpaka wa jiji na kupanda hadi 1,800 ukiwa ndani.

Wenzangu wodini wananiambia Luton, Reading, hata Northampton, kwa sababu wana ndugu huko na kodi ni nafuu. Nimeyaondoa yote matatu. Reading ina treni ya moja kwa moja hadi Whitechapel, lakini ni zaidi ya saa nzima kila upande, na hiyo ni ndani ya treni tu, bado hujahesabu kutembea na kusubiri. Baada ya zamu ya saa kumi na mbili na nusu, safari ya hivyo inamla mtu. Na nauli ya masafa inarudisha mfukoni mwa reli kile ulichookoa kwenye kodi.

Nimeamua kubaki upande wa mashariki kwa sababu nyingine pia: nauli za London huhesabiwa kwa zoni, ya 1 ikiwa katikati ya jiji, na Whitechapel iko zoni ya 2. Ukitokea mashariki unashuka kabla ya kuingia zoni ya 1, na nauli isiyogusa zoni ya 1 ni ndogo zaidi. Anayetoka magharibi hulipia katikati ya jiji kila siku, hata kama anapita tu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda Grays. Ni mji wa Essex, ng'ambo kidogo ya mpaka wa London, kando ya mto Thames. Treni ya c2c inakwenda kituo cha Fenchurch Street katikati ya jiji, au unashuka Barking, ndani ya mpaka wa London, na kuunganisha. Kadi ya benki inakubalika getini kama ndani ya jiji. Nyumba ni kubwa kidogo, nyingine zina uani. Nilipenda. Nilimpigia mume wangu video nikiwa barabarani, watoto wakaona majani na wakauliza ni lini.

Jioni nikakaa na karatasi. Kodi ni nafuu kwa pauni mia mbili hadi tatu kwa mwezi kuliko Barking. Ila halmashauri ya Thurrock, ambayo Grays iko chini yake, ilitangaza Desemba 2022 kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake, na mwaka uliofuata kodi ya halmashauri ikapandishwa 9.99%. Kodi hiyo hailipwi na mwenye nyumba; mpangaji ndiye anayelipa. Anayelinganisha maeneo kwa kodi ya nyumba peke yake anaona nusu ya bei.

Na kuna mpaka wenyewe. Nitaueleza nikimaliza kusoma mambo ya watoto, kwa sababu ninaanza kuona kwamba mstari ule unaotenganisha London na Essex una thamani ya fedha.

Jumanne, 15 Aprili

Abbey Wood. Hili ndilo eneo ambalo kila mtu analitaja tangu reli ya Elizabeth line ifunguliwe tarehe 24 Mei 2022. Kutoka pale hadi Whitechapel ni kama robo saa. Robo saa! Zamani watu wa upande ule wa mto walizunguka London Bridge. Mitaa imejaa Waafrika, hasa wa Magharibi. Duka la kwanza niliingia nikakuta mihogo, bamia na ndizi za kupika.

Kodi karibu na kituo imeshapanda kwa sababu ya treni hiyo hiyo. Nafuu iko Thamesmead, mji uliojengwa kuanzia miaka ya 1960, wenye maziwa na nafasi za kuchezea watoto. Thamesmead haina kituo cha treni hata kimoja. Unapanda basi hadi Abbey Wood au Woolwich.

Nilikaa kituoni nikafikiri juu ya siku mbaya, si siku nzuri. Treni ikikwama, mimi niko ng'ambo ya mto. Kuna treni nyingine za kwenda London Bridge, lakini hizo zinakuingiza zoni ya 1 na bado una safari ya pili. Madaraja hakuna huku chini ya mto: kuna kivuko cha Woolwich, mahandaki ya Blackwall na lile jipya la Silvertown lililofunguliwa tarehe 7 mwezi huu. Saa 10 alfajiri, mama aliyepigiwa simu kwamba mtoto ana homa kali na degedege, anapita wapi? Nimefanya kazi wodi ya watoto Tanga miaka mingi, najua homa za watoto zinapenda kupanda usiku.

Eneo lenye njia moja ni kama kijiji chenye kisima kimoja: maji ni matamu mpaka siku kamba inapokatika.

Kuanzia leo ninapima kila mahali kwa kuuliza: njia kuu ikifungwa, nafikaje kwa watoto, na kwa muda gani? Kodi, shule na ukubwa wa jiko vitafuata.

Jumapili, 4 Mei

Mambo ya watoto. Nimeyasoma kwa siku zangu za mapumziko, nimepiga simu halmashauri mbalimbali, na sasa ninaweza kuyaandika.

Shule ya msingi. Uingereza mtoto huwekwa darasa kwa tarehe ya kuzaliwa, si kwa alichosoma. Binti yetu, aliyezaliwa Mei 2019, ataingia mwaka wa pili mwezi Septemba, pamoja na watoto walioanza shule wakiwa na miaka minne. Muda wa kuomba nafasi za wanaoanza ulipita tarehe 15 Januari, lakini sisi hatumo humo: tutaomba kama wanaohamia katikati, kupitia halmashauri. Sheria inasema darasa la watoto wadogo, hadi mwaka wa pili, lisizidi wanafunzi 30 kwa mwalimu mmoja. Kwa hiyo shule iliyo mbele ya mlango wako inaweza kuwa imejaa, na mtoto akapelekwa ya pili au ya tatu. Usichague nyumba kwa ajili ya shule moja. Chagua mahali penye shule kadhaa ambazo mtoto anaweza kutembea kwa miguu.

Kuhusu ubora: tangu Septemba 2024 wakaguzi wa Ofsted hawatoi tena neno moja la jumla kwa shule za serikali. Inabidi usome ripoti yenyewe. Mimi ninatafuta sehemu inayoeleza wanavyowapokea watoto ambao Kiingereza si lugha ya nyumbani.

Chakula. Kote England, watoto wa madarasa matatu ya mwanzo (la maandalizi, mwaka wa kwanza na wa pili) hula bure shuleni. Ndani ya London, tangu Septemba 2023, meya Sadiq Khan anagharamia chakula kwa watoto wote wa shule za msingi za serikali, mpaka darasa la mwisho. Binti yetu akisoma Grays, atakula bure mwaka mmoja tu kisha tutaanza kulipa. Akisoma upande huu wa mpaka, atakula bure miaka mitano.

Chekechea, na hapa ndipo pazito. Wazazi wengine wanaofanya kazi wanapata saa 30 kwa wiki bila malipo, na Septemba hii zitaanzia mtoto wa miezi tisa. Sisi hatumo, kwa sababu ya lile sharti la mafao. Lakini yapo mawili ambayo hayatufungii mlango. La kwanza: kila mtoto wa miaka mitatu na minne, bila kujali visa ya wazazi, anapata saa 15 kwa wiki, wiki 38 za mwaka, kuanzia muhula unaofuata siku yake ya kuzaliwa. Mwanetu atatimiza 3 Oktoba, kwa hiyo ni Januari 2026. La pili, ambalo hata wenzangu wengi hapa hawalijui: mtoto wa miaka miwili wa familia isiyo na haki ya mafao anaweza kupata saa 15 hizo hizo kama mapato ya nyumbani baada ya makato hayavuki kiwango na akiba haizidi pauni 16,000. Kiwango kwa familia yenye watoto wawili au zaidi ni pauni 38,600 ndani ya London. Nje ya London ni 30,600.

Soma tena hizo namba mbili. Mshahara wangu baada ya makato uko chini ya 30,000. Mume wangu akipata kazi ya nusu siku tu, tukiwa Grays tumevuka. Tukiwa Barking, bado tumo. Chekechea moja niliyoulizia inatoza pauni 75 kwa siku. Tofauti ya kodi niliyoiona Machi imeshayeyuka.

Na muhula wa saa hizi za bure unaanza tarehe 1 Septemba. Ombi liingie kabla. Ndiyo maana mwisho wa Agosti si tarehe ya matamanio tu.

Grays imeondoka kwenye orodha.

Jumapili, 25 Mei

Alhamisi serikali imetangaza nyongeza ya 3.6% kwa wauguzi wa England, kuhesabiwa tangu Aprili. Daraja la 5 sasa linaanzia pauni 31,049. Pamoja na nyongeza ya London ya ndani, ni kama 37,259. Kwa kipimo cha madalali nimepanda kutoka 1,200 hadi 1,240. Mkononi, baada ya kodi ya mapato, bima ya taifa na pensheni, ni kama 2,280 kwa mwezi.

Zamu za usiku na Jumamosi zinaongezewa 30%, na Jumapili 60%. Hili ni muhimu kwa mahali pa kuishi. Jumapili ndiyo inayolipa kuliko siku zote, na Jumapili ndiyo siku ambayo treni zinaanza kuchelewa na njia zinafungwa kwa matengenezo. Anayekaa mbali na basi la usiku anaziachia wengine zamu hizo.

Kwa hiyo wiki hii nimetembea na mabasi. Basi namba 25 linatoka Ilford, linapita Manor Park na Stratford, linakuja mpaka Whitechapel, saa 24. Safari inachukua muda, lakini ni basi moja, pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu ulipie la kwanza unaweza kuunganisha mabasi mengine bila kulipa tena. Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi basi kabisa, na kwenye treni za jiji mtu mzima anayelipa anaweza kuongozana nao hadi wanne bure.

Ilford na Manor Park zimeingia orodhani kwa ajili ya basi hilo. Manor Park ni karibu na soko la Queens, Upton Park, ambako nimenunua muhogo mbichi na pilipili mbuzi, nikasikia Kiswahili cha Unguja nyuma yangu kwenye foleni. Lakini iko Newham, na Newham mwaka huu imepandisha kodi ya halmashauri 8.99%. Ilford, nyumba nilizoziona zinazotosha watu wanne zilianzia 1,700.

Jumapili, 15 Juni

Barking na Dagenham. Nimerudi mara kadhaa, asubuhi sana, mchana na usiku.

Dagenham ina nyumba za ngazi mbili za mtaa wa Becontree, zaidi ya 25,000, zilizojengwa na serikali ya jiji kuanzia 1921 kwa ajili ya wafanyakazi waliotolewa vichochoro vya mashariki ya London. Zina bustani ndogo nyuma na mbele. Kodi ni kati ya zilizo nafuu zaidi ndani ya mpaka. Lakini ukiingia ndani kabisa ya mtaa ule, treni ni moja tu, District line, na kituo kinaweza kuwa dakika ishirini kwa mguu.

Barking ni kitu kingine. Kituo chake kimoja kina District line na Hammersmith & City, zote mbili mpaka Whitechapel bila kubadilisha, kama dakika ishirini. Kina c2c, inayosimama Limehouse, na kutoka hapo hospitali inafikika kwa miguu. Kina Overground inayokwenda kaskazini. Na usiku kuna basi N15, linalopita Barking na Commercial Road, si mbali na mlango wa hospitali. Ukifunga njia moja nabaki na nyingine, ukifunga mbili bado ninafika.

Na hii ndiyo wilaya iliyokuwa na sehemu kubwa zaidi ya watoto katika England na Wales yote kwenye sensa ya 2021. Inaonekana. Mabustani yana watoto, mabasi yana vigari, na muuza mkate anamjua mtoto kwa jina. Mama wa watoto wawili hapa si mgeni.

La mwisho, kazi ya mume wangu. Ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Maghala ya vyakula na ya baridi yako kando ya barabara ya A13, Barking na Dagenham. Akifanya kazi huku huku, mmoja tu kati yetu ndiye anayesafiri kwenda mjini. Nimemwambia: wewe ndiye utakayekuwa karibu na watoto saa 12 jioni, kwa hiyo eneo tunalichagua kwa miguu yako kuliko yangu. Akajibu kwamba amekubali, mradi msikiti na soko viwe karibu. Vipo.

Tumeamua: Barking, au ukingo wa magharibi wa Becontree kuelekea Upney, mahali ambapo kituo cha Barking bado kinafikika kwa kutembea.

Jumamosi, 12 Julai

Kutafuta nyumba yenyewe ni kazi tofauti na kuchagua eneo.

Madalali kadhaa walinikatalia kwa simu waliposikia watoto wawili na mshahara mmoja. Wengine walitaka miezi sita mbele. Sikubishana nao. Niliandika karatasi moja: barua ya mwajiri, hati za mshahara, msimbo wa kuhakiki visa mtandaoni, na maelezo ya familia kwa mistari minne, nikaanza kuwatafuta wenye nyumba wanaopangisha wenyewe.

Katika kila nyumba nilinusa kwanza, ndipo nikatazama. Ukungu ukutani si suala la rangi. Desemba 2020 mtoto Awaab Ishak, wa miaka miwili, alifariki Rochdale, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo akatamka kwamba chanzo kilikuwa ukungu wa nyumba waliyopangishwa. Mwanangu ana umri huo huo. Nyumba moja ilikuwa ya bei nzuri, karibu na kituo, rangi mpya chumba kimoja tu. Nikasogeza kabati. Niliondoka.

Niliangalia pia cheti cha nishati, kinachokwenda kwa herufi A hadi G. Kisheria nyumba iliyo chini ya E haipaswi kupangishwa. Tofauti ya C na E utailipa Januari kwenye bili ya gesi. Cheti cha usalama wa gesi kiwe cha mwaka huu.

Juzi tumepata. Ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani, vyumba viwili, upande wa Upney, pauni 1,500. Dakika tano hadi kituo cha Upney, ishirini hadi Barking. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, amekubali barua ya hospitali na kodi ya miezi mitatu mbele. Amana ni pauni 1,730, kwa sababu sheria ya 2019 inaizuia isizidi kodi ya wiki tano, na ndani ya siku 30 lazima iwekwe kwenye mfuko unaotambuliwa na serikali. Niliiona nyumba, nikakutana naye, nikasoma mkataba wote, ndipo nikatuma fedha. Anayetaka utume fedha kabla hujaona mlango, mwache.

Bajeti kwa mwezi: kati ya 2,280, kodi inachukua 1,500, halmashauri kama 160, umeme na gesi kama 130. Kinachobaki ni chakula na nauli. Bila zamu za Jumapili na bila kazi ya mume wangu, hali ni ya kubana sana. Nimemwonyesha hesabu hii senti kwa senti, ili asije akakuta mambo ambayo hakuambiwa.

Jumapili, 24 Agosti

Wamefika. Sitaandika mengi juu ya uwanja wa ndege.

Ombi la shule limeingia pamoja na mkataba wa nyumba kama uthibitisho wa anwani. Ombi la saa 15 za mdogo limeingia pia, kabla ya tarehe 1. Wote wameandikishwa kwa daktari wa mtaa, hatua ya kwanza niliyoisimamia nikiwa muuguzi, kadi za chanjo za Tanga zikiwa mkononi.

Wametembea na baba yao kutoka nyumbani hadi kila shule iliyo karibu, kwa mwendo wa mtoto wa miaka miwili, si wa mtu mzima. Dakika kumi za ramani zinakuwa ishirini na tano.

Alhamisi, 11 Septemba

Wiki hii imekuwa mtihani wa mradi wote. Wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi waligoma. Kuanzia Jumatatu hadi leo karibu hakuna treni ya chini ya ardhi iliyotembea London. District line imefungwa. Hammersmith & City imefungwa. Elizabeth line ilifanya kazi lakini imefurika.

Jumanne nilikuwa na zamu ya mchana. Niliondoka mapema, nikatembea mpaka Barking, nikapanda c2c hadi Limehouse, nikamalizia kwa miguu. Nilifika kabla ya makabidhiano ya zamu. Jioni nilirudi njia ile ile. Wenzangu wawili wanaokaa mwisho wa njia moja walilala bwenini kwa marafiki, watoto wao wakabaki kwa jirani.

Watoto wangu hawakujua kama kuna mgomo. Baba yao aliwachukua kwa miguu: mkubwa shuleni, ambako amepata nafasi ya mwaka wa pili katika shule ya pili kwa umbali, mdogo chekechea, ambako saa 15 zimekubaliwa na ameanza kwa nusu siku.

Yaliyobaki: kuthibitisha na chekechea kwamba Januari tutahamia saa za miaka mitatu bila pengo, kuuliza cheti cha ufundi cha mume wangu kinatambuliwa vipi hapa, hasa cha gesi za majokofu, na kupanga zamu zangu za Oktoba ziende na ratiba yake. Jumatatu ana usaili kwenye ghala la baridi, Dagenham. Basi linapita mwisho wa mtaa wetu.